Mikumi wengi tunaiona kupitia dirisha la basi, tuwekewe pa kusimama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niseme jambo la ile barabara yetu ya nyanda za juu kusini inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, zile kilomita kama 50 ukishapita Doma mpaka unatokea Mikumi mjini. Kila gari la abiria likiingia pale simu zinatoka, huyu anarekodi, yule anapiga picha, mwingine anampigia kelele mwenzake wa siti ya nyuma "tembo, tembo kushoto!", na siku hizi wameanza kutokea watu wanaosema tabia hii ikomeshwe, kuna basi nimepanda konda akawa anawafokea abiria wafunge madirisha waweke simu chini. Mimi siko upande huo. Mimi nasema picha zipigwe tena nyingi, ila mwendo upungue na patafutwe pa kusimama kwa usalama, maana sasa hivi gari linasimama popote pale mtu alipomuona mnyama, awe kwenye kona, awe kwenye mteremko, haijalishi.

Tuanze na hili la nani anaiona Mikumi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, watu wanatoka Ulaya wanapanda ndege kuja kuiona. Sisi wa huku Ruaha Mbuyuni, Ilula, Makambako, Mbeya, wengi wetu geti lake hatujawahi kuingia. Sio kwamba hatupendi, na kiingilio cha raia wala sio kikubwa, tatizo ni gari la kuzungukia, kukodi gari siku nzima mtu wa kipato cha kawaida anaona bora amalizie ada ya mtoto. Kwa hiyo yule mama anayepeleka viazi Dar, mwanachuo anayerudi Iringa, kijana anayekwenda kuanza kazi Songea, hawa wote safari yao ya mbuga ndo ile ya kupita. Ndani ya muda huo mfupi mtoto anamuona twiga kwa macho yake kwa mara ya kwanza, mnyama ambaye ndo mnyama wa taifa lake, na mzazi akipiga picha pale ile picha inatumwa kwa bibi kijijini, inawekwa status, inakaa kwenye simu miaka. Wasafiri wa treni ya TAZARA nao ni hivyo hivyo, wanapita kule Hifadhi ya Nyerere wanaona wanyama wakiwa wamekaa kwenye behewa. Mimi hapo sioni cha kukataza.

Mimi nafanya biashara ya vitunguu, nasafiri na mzigo kwenye fuso, nakaa mbele kabini pembeni ya dereva. Ukikaa pale mbele unaona vitu ambavyo mtu wa basi anavikosa, maana basi lina mapazia, lina tivii, watu wamelala. Swala pala ni wa kila safari, nyani ndo usiseme, pundamilia na nyumbu utawaona kule tambarare ya Mkata, nyati wanakuwa mbali weusi weusi kama huna macho mazuri utadhani ni vichaka. Tembo kiangazi wanakuja mpaka usawa wa lami. Hao mtu anawategemea. Lakini raha ya ile barabara ni yule usiyemtegemea kabisa, yani unawaza bei ya soko la Ilala alafu ghafla mbele yako kuna kitu ambacho watu wanalipa maelfu ya dola wanakaa wiki nzima wanaondoka hawajakiona.

Kiangazi kimoja alfajiri, kumeshaanza kupambazuka, tulikuwa nyuma ya tenka la mafuta tunakaribia tuta, dereva akapunguza, nikaona pembeni mwa lami pale majani yalipokuwa yameungua mbwa wamesimama. Akili ya kwanza nikajua mbwa wa kijijini. Alafu nikaona masikio, makubwa ya mviringo, na mkia umeishia na manyoya meupe kabisa, na mwili mabaka meusi, ya njano, meupe, hayana mpangilio. Mbwa mwitu! Mmoja mdomo mzima mpaka karibu na macho ulikuwa na damu mbichi, wametoka kula. Na wadogo walikuwepo, wawili walikuwa wanavutana kile kipande kirefu cha mpira wa tairi la lori lililopasuka, huyu anavuta huku yule anavuta kule, mwingine anaurukia katikati, wanacheza pale kwenye changarawe hatua chache kutoka kwenye magurudumu yetu. Dereva wetu mzee mwenye busara hakupiga honi, aliwasha hazadi akaenda pole pole mpaka tukawapita. Nilipiga picha nikiwa nimeibana simu kwenye kioo cha mlango. Nyingi zimetoka ukungu mtupu, moja ndo imekaa, inaonyesha mmoja wa wakubwa ubavu wote wa kushoto toka shingoni mpaka mkiani.

Hiyo moja ndo iliyonifanya nianze kulifikiria hili jambo kwa undani. Nilikuja kumuonyesha mwongoza watalii mmoja pale Mikumi mjini, akaikuza akaangalia yale mabaka akaniambia hii picha usiifute, kila mbwa mwitu ana mabaka yake hayafanani na ya mwingine, ni kama alama za vidole, kwa hiyo mtu anayewafuatilia akipata picha ya ubavu anaweza kusema huyu ni fulani wa kundi fulani na mara ya mwisho alionekana sehemu fulani. Na sio mbwa mwitu peke yake. Twiga yale madoa anazaliwa nayo na anakufa nayo, watafiti wanamtambua nayo maisha yake yote. Pundamilia mistari. Tembo wanatambulika kwa masikio, wapi pamechanika, wapi pana tundu, na pembe ipi imevunjika. Sasa mbwa mwitu ni mnyama aliye hatarini kutoweka, makadirio ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ni kama 6,600 tu Afrika nzima, na huku kwetu kusini mwa Tanzania, yani Ruaha, Nyerere na maeneo yanayozunguka, ndo moja ya ngome zake kubwa zilizobaki. Kundi moja linatembea eneo kubwa sana, leo lipo hapa baada ya siku mbili tatu liko mbali kabisa, na watafiti hawawezi kuwepo barabarani saa ishirini na nne. Lakini sisi tupo. Usiku na mchana kuna gari linapita pale na ndani ya hilo gari kuna mtu ana simu yenye kamera.

Kwa hiyo picha ya haraka haraka ya dirishani, hata ikiwa imepinda, hata kama pembeni inaonekana kichwa cha abiria mwenzako, ikiwa na tarehe na mahali ni ushahidi. Simu zetu tarehe zinaandika zenyewe, na ukiwasha lokesheni na mahali inaandika. Kuna mtandao unaitwa iNaturalist unaweka picha yako unasema umemuona wapi na lini, watu wenye ujuzi wanakusaidia kumtambua, ni bure na hata mwanafunzi wa sekondari anaweza. Na naomba tusiwapige picha wanaopendeza tu. Mizoga pia ipigwe picha. Najua hakuna anayependa kuweka status ya swala aliyepasuliwa na lori lakini ile mizoga ndo inaonyesha ni kipande gani cha barabara kinaua zaidi, ni saa ngapi, ni mnyama gani. Asubuhi tai wameshatua, jioni hakuna kitu, fisi wamemaliza au gari zimesaga mpaka ikabaki alama tu kwenye lami, na hesabu yake imepotea hivyo hivyo. Na huyo fisi aliyekuja kula mzoga katikati ya barabara usiku na yeye anagongwa, pia hilo watu hawalifikirii.

Kwanini wanapenda kukaa pembeni ya barabara, wengine huuliza. Sababu zipo nyingi. Mvua kidogo ikinyesha maji yote ya kwenye lami yanamwagika pembeni, kwa hiyo pale majani yanachipua mapema na yanabaki mabichi kuliko ndani porini. Sehemu iliyoungua ikipata umande inatoa majani machanga, swala wanajaa. Malori ya mahindi kutoka mikoa ya kusini yanadondosha punje, nyani na ndege wanaokota. Na tusisahau kwamba ile hifadhi ni eneo moja, barabara imepita katikati yake, mnyama akitaka maji yaliyopo upande wa pili lazima avuke. Barabara imemkuta pale.

Hapo kwa nyani nataka niseme kidogo maana inaniuma. Abiria wanarusha ndizi, maandazi, mahindi ya kuchoma, chupa ya soda ikiwa bado na kidogo ndani, ili nyani asogee wapate picha nzuri. Nyani ana akili, ameshajua kwenye tuta gari linapunguza na chakula kinadondoka, kwa hiyo familia nzima inahamia kwenye tuta inakaa pale toka asubuhi. Nimemuona kwa macho yangu jike amebeba mtoto mgongoni anakimbilia andazi lililodondokea katikati ya njia wakati semi-trela inakuja upande wa pili. Alipona yule, lakini ukipita wiki nyingine unakuta mwingine amelala pale. Jamani yule mnyama ameitwa na mtu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019 na tukaweza, hata hili la kurusha chakula na chupa dirishani tunaweza, makonda wakiamua kusema kabla gari halijaingia hifadhini itasaidia kuliko kufoka watu wasipige picha.

Sasa mwendo. Madereva kaka zangu najua mna muda wa kufika na tajiri anapiga simu, lakini hebu tupige hesabu hii. Gari likiwa spidi 80 linatembea mita 22 kwa sekunde moja. Mtu mpaka macho yaone, akili ielewe, mguu uhame kwenye mafuta uje kwenye breki, ni sekunde moja na nusu kama yuko macho vizuri, hapo umeshakwenda mita 33 na breki haijaguswa. Taa za chini usiku zinakuonyesha mita kama 50 hivi. Toa mwenyewe uone kinachobaki, na hapo una tani zako thelathini nyuma. Ukiwa spidi 50 unakwenda mita 14 kwa sekunde, unapata nafasi ya kuishi wewe na yeye. Nyati ni mweusi na lami nyeusi. Twiga dume mrefu anapita mita 5, taa zako za chini zinamulika miguu tu, miguu myembamba kama vijiti vya porini, mwili uko juu gizani, na ukimgonga miguu ule mwili wote unakuja kwenye kioo cha mbele. Swala ukiona mmoja amevuka usiseme ameshapita, hao wanafuatana, wa pili na wa tatu wako kwenye majani wanajiandaa. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, mimi naunga mkono kabisa, biashara imekuwa rahisi, lakini maana yake ni kwamba sasa saa nane za usiku ambapo zamani kulikuwa na malori peke yake kuna na mabasi yenye watu hamsini hamsini yanakimbizana pale. Lile bango la faini lipo, kila mnyama ameandikiwa bei yake kwa dola, dereva analijua kwa kichwa, lakini mtu akigonga usiku na hakuna aliyemuona anaondoka zake.

Mabasi yana kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha kufuatilia mwendo. Kinatuma spidi na mahali gari lilipo. Kwa hiyo kwa zile kilomita 50 kiwekewe kiwango chake cha mwendo, cha chini kuliko barabara nyingine, basi likizidisha mle ndani taarifa itoke hapo hapo, haihitaji askari kujificha kwenye kichaka. Na malori makubwa yaingizwe kwenye utaratibu huo huo, maana hayo ndo mengi usiku.

Nikija kwenye ombi langu kubwa, la sehemu za kusimama. Nimeshuhudia basi (sitalitaja) limesimama juu ya lami kabisa baada ya kona kwa sababu tembo walikuwa karibu, abiria wameshuka, vijana wamesogea na simu wamempa tembo mgongo wapate selfi, na yule tembo alikuwa jike ana mtoto. Akafungua masikio, akainua kichwa, akapiga hatua mbili tatu za haraka mbele akasimama, vumbi limetimka. Vijana wakakimbilia mlangoni wote kwa pamoja wakabanana pale. Wakati huo huo nyuma yetu semi-trela inashuka inapiga honi mfululizo haiwezi kusimama, ikatupita kwa kutoka nje ya lami upande ule mwingine. Kilichotuokoa ni kwamba hapakuwa na gari linatokea mbele. Ukimlaumu dereva utasema ni mzembe na kweli ni mzembe, lakini abiria zaidi ya nusu walikuwa wanampigia kelele asimame, na hata angetaka kusimama vizuri angesimama wapi? Hakuna mahali palipotengwa.

Ninachoomba sio kitu kikubwa. Sehemu mbili au tatu kwenye kipande kilichonyooka, gari linatoka nje kabisa ya barabara, pawe na ukuta mfupi wa mawe watu wasivuke kwenda porini, pasiwe na wauza vitu wala chakula maana nyani watahamia, pipa la taka lenye mfuniko ambao nyani hawezi kufungua, na askari wa hifadhi mmoja mchana. Karibu na geti la Kikoboga tayari pana watumishi wa hifadhi, waanzie hapo. Nyingine iwe upande unaoangalia Mkata maana pale mtu anaona mbali mpaka milimani. Dakika kumi kwa basi, watu wanapiga picha zao wakiwa wamesimama, wanatulia, na baada ya hapo hakuna sababu ya kumpigia dereva kelele njia nzima. Hata ada ndogo kwa gari ikiwepo mimi nitalipa.

Msiseme haiwezekani kubadilisha barabara kwa ajili ya wanyama. Hapo jirani tu, barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ilipowekwa lami ilijengewa njia ya tembo chini yake ili wapite kati ya Udzungwa na Nyerere. Kenya kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru tembo wanapita chini ya lami tangu 2011, wanatoka msitu wa Mlima Kenya wanashuka hifadhi ya Lewa wanarudi, magari yanapita juu hakuna anayemgusa mwenzake. Kama kwa tembo tumeweza kuchimba na kumwaga zege chini ya barabara, sehemu ya kuegesha basi ni kifusi, lami kidogo na kibao. Na ikifanikiwa Mikumi ipelekwe na Kwakuchinja kule kati ya Tarangire na Manyara, nako nyumbu na pundamilia wanavuka barabara kuu na nako watu wanasimama hovyo hovyo kupiga picha.

Kwa abiria wenzangu wakati tunasubiri hayo. Ukiwa unatoka Dar kwenda Iringa kata siti ya upande wa dereva, tambarare ya Mkata iko upande huo, ukiwa unarudi kaa upande wa mlango. Asubuhi ndo mwanga mzuri, jua linakuwa nyuma yako, jioni linakupiga machoni picha inatoka nyeusi. Zima fleshi, kioo kinairudisha utapata picha ya uso wako na usiku inamsumbua mnyama, igusishe kabisa kamera ya simu kwenye kioo, usizumu, piga mfululizo kwa kushikilia kitufe alafu utachagua baadae. Kichwa na mkono vibaki ndani. Na mnyama akiwa amesimama ubavu, huo ubavu wote uingie kwenye picha kuliko kuhangaika na sura.

Wahusika wa TANROADS (barabara), LATRA (usafiri) na TANAPA (hifadhi za taifa) nawaomba wajibu kupitia gazeti hili hili, watuambie kama sehemu za kusimama zimo kwenye mipango ya barabara ile au hazimo, na kama hazimo ni nani tumuandikie.

Mfanyabiashara wa vitunguu,
Ruaha Mbuyuni